Pingili Mia Mbili za Tarumbeta

Chumba kilikuwa kimoja tu, cha tano kutoka bombani, katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa kituo cha miche kule Kisarawe. Ukuta wa nyuma ulivuja na mlango ulifungwa kwa waya, lakini Mwamvita alikuwa akikiombea dua chumba hicho kila siku tangu tangazo lilipobandikwa. Tangazo lilisema vibarua wote wasiothibitishwa kazini watahamia kijiji kipya upande wa Mbwawa kabla mwezi haujaisha. Mumewe, Mwinyimadi, alikuwa kibarua wa bustani kwa miaka tisa. Na humo chumbani, juu ya kitanda cha kamba kilichomeza nusu ya nafasi, alilala mama mkwe wake Bi Mwanakheri, mwaka wa pili sasa hawezi kusimama.

Mganga wa zahanati hakuwaficha. Alisema kikongwe yule akipandishwa lori, kwa barabara zile, wasimtarajie sana. Kwa hiyo hakukuwa na mengi ya kufikiri: barua ya kuthibitishwa kazini ipatikane, chumba kibaki, mama afe siku yake ikifika, akiwa kitandani kwake, karibu na dawa na karibu na watu wanaomjua. Mwamvita hakuomba zaidi ya hapo, na sijui nani angemwona ana tamaa.

Barua ilitaka mambo mawili. La kwanza lilikuwa miaka mitano ya kazi, na hiyo Mwinyimadi alikuwa nayo na chenji. La pili lilikuwa kujua kusoma na kuandika, maana wakubwa walikwisha kuamua kwamba mwaka huo wa sabini na nne hakuna mfanyakazi atakayetia dole gumba kwenye karatasi. Haya. Mwinyimadi alikwenda kisomo kila jioni, mwaka na nusu, miguu ina udongo, akakaa benchi moja na akina mama wanaonyonyesha, akapiga a-e-i-o-u na miaka yake arobaini. Mwanzoni aliona haya mpaka akawa anakificha kitabu ndani ya shati. Baadaye akanogewa. Akawa anasoma makopo ya dawa ya mende, magunia ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hata tangazo lile lile lililotaka kumfukuza alilisoma mwenyewe, peke yake, na akarudi nyumbani amechanganyikiwa asijue acheke au alie.

Mwalimu wake, Marselina, mwanamke wa Morogoro asiyejua kusifu mtu bure, alimwandikia cheti. Kilichobaki kilikuwa kusoma ukurasa mmoja mbele ya kamati, Ijumaa, saa tisa alasiri.

Ijumaa hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, msimamizi wa kituo alimkuta bustanini akinoa kisu. Aliitwa ndugu Wilfred, kijana wa bara, suruali imenyooshwa hata siku za matope. Hakuwa mkorofi, na tusimsingizie. Alikuwa mtu wa kutimiza maagizo, na agizo lilikuwa limemfikia jana yake: kile kijiji kipya kingetembelewa na mgeni mkubwa, na barabara ya kuingilia ilitakiwa iwe na maua pande zote mbili. Alitaka pingili mia mbili za tarumbeta, zikatwe leo.

Tarumbeta ndivyo wafanyakazi walivyoyaita yale maua yaliyojipanga nyuma ya ofisi, yaliyopandwa na mke wa mzungu wa zamani. Ni miti laini yenye urefu wa mtu na nusu, maua yake marefu kama mkono, meupe na mengine ya manjano, yananing'inia vichwa chini. Jua likizama hutoa harufu tamu inayofika mpaka bombani. Bi Mwanakheri hakuipenda harufu hiyo. Alisema inampa ndoto za watu waliokwisha kufa.

Mwinyimadi aliuliza kwa adabu kama kazi hiyo ingeweza kusubiri Jumamosi.

"Kesho mimi niko Dar," alisema Wilfred. "Kwani kukata vijiti kunakuzuia kusoma, ndugu?"

Mwinyimadi akasema hakumzuii. Mtu anayejadiliwa saa tisa atabishana vipi saa mbili? Akachukua mkasi wa miti na kisu, akaingia kwenye tarumbeta.

Kazi yenyewe aliijua, na siku hiyo aliifanya kwa moyo kwa sababu alitaka kamati isikie imefanywa vizuri. Mti wa tarumbeta hupanda juu wima kwanza, kisha hugawanyika panda. Ukikata pingili chini ya panda ya kwanza, utapata mti wa majani matupu, utangoja maua mpaka uchoke. Ukikata juu ya panda, mche utachanua ungali mfupi. Hakuna aliyemfundisha hayo, aliyaona mwenyewe miaka tisa. Akakata za juu tupu, unene wa dole gumba, chini amezikata mshazari na juu amezikata sawa, majani ameyapukuta yakabaki mawili ya nchani. Ishirini ishirini alizifunga kwa kamba ya mgomba, akazisimamisha kwenye mchanga wenye maji, kivulini.

Ila alikuwa mkulima wa mihogo kabla ya kuwa mtu wa maua. Na mtu wa mihogo, kwao Mzenga, hafungi mbegu kabla hajaikwaruza kwa ukucha wa dole gumba aone kama ina utomvu. Ikitoa utomvu ni hai, isipotoa ni kuni. Mkono wake ulifanya hivyo bila kumwuliza. Pingili mia mbili, ukucha mara mia mbili, na maji ya mti yakajaa chini ya ukucha mpaka ukawa wa kijani.

Adhana ilimkuta anafunga mafungu ya mwisho. Alikwenda bombani akatia udhu. Alinawa mikono kama inavyotakiwa, akasukutua, akaosha uso, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na kwa kuwa alitaka aende mbele za watu hana hata tongotongo, akapitisha kidole gumba kwenye pembe za macho, jicho la kulia, jicho la kushoto, akasugua vizuri.

*

Alipotoka msikitini jua lilimchoma macho, akadhani ni kwa sababu ametoka kivulini. Mwamvita alikuwa amempigia pasi shati lake jeupe kwa pasi ya mkaa ya kuazima. Alipomfunga kifungo cha shingoni alimtazama, akamtazama tena.

"Baba Kidawa, macho yako yamekuwaje? Weusi umejaa wote."

Alisema ni usingizi, jana alikesha akikariri. Mwamvita hakutaka kumtia wasiwasi saa kama ile, akamnyoosha ukosi. Bi Mwanakheri aliomba mwanawe ampe mkono, akautemea dua, akamwambia aende na Mungu. Mwinyimadi akamwahidi kwamba atarudi na kipande cha sukari guru.

Kamati ilikuwa watu wanne nyuma ya meza: Wilfred, wazee wawili wa chama, na karani Bertha mwenye kuandika kila neno. Mwalimu Marselina alikaa pembeni kwenye kiti kisicho na egemeo. Mwinyimadi aliingia amekunja uso kwa ajili ya mwanga wa dirisha. Waliporudisha salamu alikuwa bado anapapasa kiti. Mmoja wa wazee akamtupia jicho mwenziwe.

Wilfred alimpa kitabu, kile kile cha kisomo, akakifungua katikati. "Soma kuanzia hapo juu."

Mwinyimadi akatazama. Ukurasa ulikuwepo, alama nyeusi zilikuwepo, lakini zilikuwa zimevimba na kuingiliana kama wino uliomwagiwa maji. Akakisogeza kitabu karibu, zikazidi. Akakinyoosha mbali kadiri mkono ulivyofika, zikatulia kidogo kisha zikapotea. Aliinua macho dirishani. Kule mbali aliona miti ya vilima vya Pugu, mmoja mmoja, akaona hata mtu aliyejitwisha kuni. Aliinamisha macho tena, hakuona herufi. Jasho likaanza kumtoka mgongoni. Lile shati lililopigwa pasi likamganda.

"Tunakusubiri, ndugu," alisema Wilfred.

Hapo ndipo alipofanya kosa lililommaliza. Angesema sioni, pengine wangemsikiliza. Lakini alimfikiria mama yake, akaogopa kwamba neno lolote lisilokuwa kusoma litahesabiwa kushindwa. Akafungua kinywa akaanza kughani ukurasa wa kuchemsha maji ya kunywa, alioujua kwa moyo, neno kwa neno, hata alipumzika penye nukta. Alisoma vizuri sana. Sauti ilikuwa safi. Alipomaliza akashusha kitabu.

Mzee mmoja wa chama akacheka kwa pua.

"Huo ukurasa unahusu ufugaji wa kuku," alisema Wilfred, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeaibika kwa ajili ya mwenziwe.

Mwalimu Marselina alisimama akasema huyu mtu anajua kusoma, wampe yeye kitabu amjaribu. Wakamwambia akae, watazungumza naye baadaye kuhusu vyeti vyake. Mzee wa pili aliondoka kitini, akazunguka meza, akasogeza pua yake karibu na kinywa cha Mwinyimadi, mtu aliyetoka kuswali Ijumaa na asiyejua hata pombe ina ladha gani. Akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, akayatazama yale macho.

"Si pombe," aliwaambia wenziwe. "Labda bangi."

Bertha akaandika na hilo.

*

Nyumbani aliingia bila sukari guru, akaketi chini, mgongo ukutani. Bi Mwanakheri akanyoosha mkono kutoka kitandani, akaushika mkono wa mwanawe, akapapasa vidole kimoja kimoja mpaka akafika kwenye dole gumba. Akalinusa.

"Umeshika ule mti," alisema. "Ukajishika machoni."

Mwinyimadi akatazama ukucha wake. Akaelewa yote kwa mpigo, tangu pingili ya kwanza mpaka bombani. Alicheka kidogo, kisha akalia kwa sauti mbele ya mama yake na mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipotahiriwa. Mwamvita alimwacha alie. Yeye hasira zake hazikuwa kwa mume wala kwa mti. Alikuwa anaifikiria pasi ya mkaa, aliyoazima kwa jirani kwa maneno matamu na itabidi airudishe.

Jumanne macho yalirudi. Jumatano Mwalimu Marselina alikuja chumbani na gazeti kukuu lililofungiwa vitumbua, akalikunjua, akamwambia asome popote. Alisoma safu nzima, habari za korosho na bei zake, na mafuta yaliyotapakaa hayakumsumbua. Mwalimu alilichukua gazeti lile, akamshika Mwinyimadi mkono, wakaenda moja kwa moja ofisini.

Wilfred aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwaamini, na hilo ndilo linaloniudhi hata leo. Alizunguka nyuma ya ofisi kuitazama ile miti, akarudi, akakaa.

"Mwalimu, mihtasari imekwisha kwenda Dar," alisema. "Unataka nimwandikie mkurugenzi kwamba mtu ameshindwa kusoma kwa sababu ya maua? Maua niliyomwagiza mimi?"

Marselina akamjibu kwamba ndiyo, aandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Wilfred alipanga karatasi zake mezani zikawa sawa. Akamwambia Mwinyimadi kwamba huko Mbwawa ardhi ni nzuri, na kwamba yeye kama mtaalamu wa maua atakuwa na kazi ya kufanya, atamwandikia mwenyekiti wa kijiji. Wiki iliyofuata Mwalimu Marselina aliondolewa darasa la kisomo, akapewa kugawa chaki stoo.

*

Lori lilikuja Alhamisi. Liliwabeba vibarua kumi na mmoja na watu wao, na kwa kuwa ni lori hilo hilo, lilibeba na pingili. Mafungu kumi yalipangwa mbele, nyuma ya kichwa cha gari, mahali pasipo na mtikisiko mwingi, dereva amepewa maagizo kwamba zisivunjike. Mwamvita aliomba mama awekwe pale. Dereva akasema pale ni pa maua. Mwinyimadi alipanda, akayabeba mafungu moja moja akayaweka mapajani mwake na mapajani mwa watu wengine, akamlaza mama yake kwenye ile nafasi, na dereva alipotaka kubisha watu walimtazama akaona heri awashe gari.

Walipofika nyumba zilikuwa bado miti mitupu, hazina udongo wala makuti upande mmoja. Mvua ilikuwa ya jioni, siku tano mfululizo. Bi Mwanakheri hakulalamika. Alikuwa akiuliza tu, kila akizinduka, kama wamefika nyumbani, na Mwamvita akimwambia bado kidogo, mama. Siku ya tisa hakuuliza. Walimzika kwenye kichaka mwanzo wa barabara, kaburi la kwanza la kijiji, na watu waliobeba jeneza walikuwa hawajajuana majina. Kidawa, binti yao aliyeolewa Mlandizi, alipata habari baada ya wiki mbili.

Siku ya tatu ya msiba mwenyekiti wa kijiji, Mwinyijuma, alikuja kumkumbusha kwamba pingili zinakauka. Akaenda akazipanda, mia moja huku na mia moja kule. Alikuwa amefunga dole gumba kitambaa. Kwa miezi minane alizimwagilia kwa debe kutoka kisimani, akapogoa matawi yanayoelekea ndani ya barabara, akang'oa magugu. Watu walimshangaa. Alikuwa akiitunza ile miti kwa namna ya mtu aliyeapa kutoulaumu mti kwa kosa la watu. Zile za mwisho wa safu zilikuwa mbele ya kaburi la mama yake, na nazo hakuzipendelea wala kuzibagua.

Hapo kijijini ikajulikana kwamba anasoma. Barua za watu zikawa zinamjia yeye, na matangazo ya unga, na karatasi za dawa. Walimwita mwalimu. Alikuwa akifurahi, halafu furaha inamkatikia njiani.

*

Mgeni mkubwa aliahirishwa mara tatu. Alipokuja kweli, tarumbeta zilikuwa zimechanua, pingili za juu ya panda zote, barabara nzima imening'inia nyeupe. Mwinyijuma alimteua Mwinyimadi kusoma risala. Karatasi ilikuja tayari imepigwa chapa huko ilikotoka. Mchana, kabla ya msafara, alimsomea Mwamvita yote, mara mbili, bila kukwama. Mwamvita alikuwa anachambua mchicha, akauacha.

"Hapo pa hiari," alisema. "Utapasoma?"

"Ni karatasi tu, mama Kidawa."

Mwamvita akarudi kwenye mchicha wake.

Msafara uliingia saa kumi. Katika gari la pili alishuka ndugu Wilfred, suruali imenyooshwa, akaonyeshwa kiti nyuma ya mgeni. Alimwona Mwinyimadi amesimama na karatasi mbele ya watu mia tatu, uso wake ukabadilika. Nadhani alifurahi. Nadhani alitamani jambo lile la zamani limalizike vizuri, mtu asome, naye apate kulala.

Mwinyimadi alisoma. Alisoma salamu, akasoma shukrani, akasoma ekari za mihogo, sauti imenyooka, watoto wamenyamaza. Wilfred alianza kutikisa kichwa taratibu, kukubali. Halafu ukafika mstari wa tano. Ulisema: sisi wanakijiji, tuliohamia hapa kwa hiari yetu wenyewe na kwa furaha. Aliuona vizuri kabisa, kila herufi, hata nukta. Aliinua macho. Kule mwisho wa barabara, nyuma ya maua, aliona kile kichaka.

Akanyamaza. Mwinyijuma akakohoa. Mgeni akageuza shingo.

"Endelea, mwalimu," alinong'ona Mwinyijuma.

"Hapa sioni," alisema Mwinyimadi.

"Huoni nini?"

"Maandishi. Sijui kusoma vizuri, mwenyekiti. Huko nyuma nilikariri tu."

Watu wakaguna. Wengine walicheka, kwa aibu zaidi kuliko kwa dharau. Mwinyijuma aliinyakua karatasi, akaomba radhi, akaendelea yeye kuanzia mstari wa tano, hiari na furaha na vyote. Mwamvita alikuwa miongoni mwa wanawake. Alivuta kanga akafunika kinywa, akabaki anamtazama mumewe.

Wilfred aliinama kwenye sikio la mgeni. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Huyu tulimpima sisi wenyewe kule kituoni," alisema. "Hajui kusoma."

Mwinyimadi aliyasikia maneno hayo. Alikwenda akasimama juani pamoja na wenziwe, na zamu ya kupiga makofi ilipofika, alipiga.